Nani Anakula Ng'ombe Wetu kwa Jina la Chuo cha Uchina?



Yako mambo ambayo chama kikiyanyamazia, kesho wanachama watauliza chama kilikuwa wapi siku zile. Jambo hili la watoto wetu kupelekwa Uchina kusomea dawa za Kichina ni mojawapo, nasi hatukubali kunyamaza. Hapa Kimana, na Loitokitok, na huko Kitengela penye mabango mengi kuliko miti, karatasi zimebandikwa kwenye milingoti ya stima kuwaita vijana waliomaliza Kidato cha Nne wakajiandikishe kuwa madaktari Uchina. Nafasi ni chache, wasema. Lete pesa kabla ya mwisho wa mwezi, wasema. Tangu lini nafasi ya chuo ikauzwa kama kiti cha matatu siku ya mkesha wa Krismasi?

Sisi tunaoandika haya ni watu wa reli. Baadhi yetu tuko Emali kwenye reli mpya iliyofunguliwa 2017, wengine Athi River, na wengine ni wa njia ya zamani itokayo Konza ikapita Kajiado mpaka Magadi. Nyumba zetu ziko Kimana na Kitengela, na watoto wetu wanasoma huko. Elimu yetu si kubwa. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi ya misheni, tukafundishwa kusoma, kuandika, na hesabu ya kujumlisha na kutoa. Hesabu hiyo yatosha kabisa kwa shauri hili.

Tuanze na lililotokea kati yetu. Mwenzetu mmoja wa genge la njia ana binti aliyepata C katika KCSE, mtoto mwenye bidii na adabu. Akaja bwana mmoja mwenye koti na mkoba, hatumtaji jina, akamwambia baba kwamba binti amepata nafasi ya udaktari katika chuo cha Uchina, kwamba atasoma kwa Kiingereza, na kwamba nusu ya ada italipwa na serikali ya huko. Mzee akauza mitamba miwili. Haikutosha. Akaenda SACCO akachukua mkopo wa miezi 36, na watatu kati yetu wakatia sahihi kuwa wadhamini. Bwana yule akachukua pesa ya kuandikisha jina, kisha pesa ya kufasiri vyeti, kisha pesa ya viza, kisha pesa aliyoiita ya kufuatilia, na mpaka leo hatujui ilifuatilia nini isipokuwa mfuko wake.

Barua ikaja. Na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu habari hii wanapoisimulia sokoni, maana husema barua ilikuwa ya uongo. Haikuwa ya uongo. Muhuri mwekundu ulikuwa wa kweli, chuo ni cha kweli, wala Wachina hawakumdanganya mtu. Binti alipofika alipokewa vizuri, akaonyeshwa kitanda chake bwenini, na asubuhi akapelekwa darasa la kujifunza lugha ya Kichina. Akauliza, udaktari waanza lini? Akajibiwa kwamba mwaka huo ni wa lugha, na akifaulu mtihani wa lugha ndipo ataanza miaka mitano ya dawa za Kichina, kwa Kichina. Haukuwa udaktari ule aliouwaza baba yake, wa kurudi na koti jeupe kuingia wodi ya hospitali ya Loitokitok. Ilikuwa tiba ya sindano, na mizizi na majani, na kukanda viungo. Na ile nusu ya ada ya serikali haikuwapo popote, kwa sababu hakuna mtu aliyeiomba.

Mkopo ule unakatwa kwenye mshahara kila mwisho wa mwezi, tena unakatwa kwanza kabla ya unga na kabla ya karo ya wale wadogo.

Biashara yote ya mawakala hawa imejengwa juu ya neno moja, nalo ni daktari. Uchina wana elimu mbili za uganga wa mwili, nazo hazifanani. Moja ni udaktari wa kisasa, ule ambao wageni wengi husomea kwa miaka sita pamoja na mwaka wa mazoezi hospitalini, na shahada yake huitwa MBBS. Mwaka 2007 Wizara ya Elimu ya Uchina iliweka kanuni na orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa kuwafundisha wageni elimu hiyo kwa Kiingereza, maana vyuo vilikuwa vimeanza kuchukua wageni ovyo kwa ajili ya ada. Kwa hiyo hata Wachina wenyewe waliona kwamba mahali penye ada pana ulafi, wakaweka mpaka. Elimu ya pili ni hii ya dawa zao za jadi, yenye vyuo vyake. Vyuo vikubwa vinne vya kwanza, yaani Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu, vilianzishwa mwaka 1956.

Elimu hii ya pili si mchezo, wala tusije tukaonekana tunaidharau. Mwanafunzi hujifunza mwili wa binadamu na magonjwa kama wengine, kisha hupewa vitabu vya kale kama Huangdi Neijing, vilivyoandikwa kwa Kichina cha zamani ambacho hata kijana wa Kichina hakifahamu bila mwalimu. Fikirini sasa mtoto wa Kimana, ambaye nyumbani husema Kimaasai, shuleni Kiswahili na Kiingereza, apewe Kichina cha leo kwa mwaka mmoja na baada yake Kichina cha kale. Wako wanaoweza. Tunawajua Waafrika waliofaulu na wakaheshimiwa. Lakini mtu aende akijua anakokwenda. Wakala anaijua tofauti hii vizuri sana. Asiyeijua ni mzazi, na ndiyo maana wakala humtafuta mzazi wala hamtafuti mwalimu mkuu wa shule.

Sasa tuseme njia ilivyo, maana tumeuliza, na makarani wawili wa chama wamekaa na karatasi hizi jioni nyingi.

Serikali ya Uchina ina chombo kiitwacho China Scholarship Council, kilichoanzishwa 1996, ambacho hulipia wageni masomo. Mwombaji aweza kupitia ubalozi, na hapa Kenya Wizara ya Elimu hutangaza nafasi na kuchuja majina. Au aweza kuandika mwenyewe kwa chuo anachokitaka. Masomo huanza mwezi wa Septemba, na maombi hupokewa miezi ya kwanza ya mwaka, kwa hiyo anayekuja kukusanya pesa mwezi wa Julai kwa ajili ya ufadhili wa Septemba huyo ni mwizi bila haja ya ushahidi mwingine. Kwa shahada ya kwanza mwombaji asiwe amezidi umri wa miaka 25. Atatakiwa vyeti vya shule vilivyothibitishwa, nakala ya pasipoti, barua za watu wanaomjua kwa masomo, fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari na kugongwa muhuri, na cheti cha polisi kwamba hana kesi. Akipata, halipi ada, halipi bweni, ana bima ya afya, na hupewa posho ya yuan 2,500 kwa mwezi. Na mwenye ufadhili huu wa shahada ya kwanza husoma kwa Kichina, apende asipende. Kama hana lugha hupewa mwaka mmoja wa kujifunza, na akishindwa mtihani safari imeishia hapo.

Ambaye hana ufadhili huandika kwa chuo na kulipa mwenyewe. Hata huyo huulizwa lugha. Mtihani wa Kichina wa wageni huitwa HSK, na vyuo vingi hutaka daraja la nne kwa masomo ya Kichina. Akikubaliwa, chuo hutuma barua pamoja na fomu ya viza. Ya mwenye ufadhili ni JW201, ya anayejilipia ni JW202. Hayo ndiyo majina, yaandikeni mahali. Mtu aliyekuja na barua tupu bila fomu hiyo amekuja na nusu ya mlango. Fomu hiyo ndiyo inayompa mwanafunzi viza iitwayo X1, na akifika huko ana siku 30 za kuomba kibali cha kukaa.

Katika habari yote hiyo, wakala yuko wapi? Hayupo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba fomu ipite mkononi mwa bwana wa Kitengela mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la simu. Kazi anayoifanya ni ya karani wa posta, na bei anayotoza ni ya mkwe.

Wako watakaosema, ninyi watu wa reli mna wivu, au mnachukia Wachina. Wivu wa nini? Sisi ndio tunaoishi na reli ya Wachina mchana na usiku. Tumebishana nao juu ya mishahara na juu ya zamu, na tutabishana tena, lakini haki yao tunawapa. Tangu mwaka 2016 vijana wa Kenya walichaguliwa kwa mashindano wakapelekwa Beijing Jiaotong University kusomea uhandisi wa reli, na kampuni iliyoijenga reli ndiyo iliyowalipia. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupelekwa na kuuzwa.

Na kuhusu dawa zao, nani asiyejua? Waganga wa Kichina walifika Zanzibar 1964, na Tanzania bara 1968, wakaendelea kuja kikosi baada ya kikosi. Wakati wa kujenga reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, wenzetu wa reli walitibiwa na madaktari waliokuja pamoja na mafundi. Mwaka 1987 Tanzania na Uchina zilianza pamoja kazi ya kujaribu dawa za Kichina kwa wagonjwa wa UKIMWI huko Muhimbili. Tena kuna habari ya mama Tu Youyou. Mwaka 1967 serikali yake ilianzisha kazi ya siri ya kutafuta dawa ya malaria, naye akatafuta katika vitabu vya kale, akakuta mmea wa qinghao, na mwaka 1972 yeye na wenzake wakaipata dawa yenyewe, artemisinini. Mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Dawa ya malaria tunayopewa leo katika zahanati yoyote ina damu ya kazi ile. Hata hapa jirani, Athi River, kilijengwa kiwanda cha kukamua artemisinini kutoka majani yaliyolimwa Afrika Mashariki. Watu wa Kitengela wengi walipita mbele ya lango lake kila siku bila kujua kinachopikwa ndani.

Kwa hiyo hatusemi dawa za Kichina ni upuuzi. Pwani wazee wetu walipiga chuku kuumika damu, na Mchina naye ana vikombe vyake, ni mambo ya ukoo mmoja.

Lakini dawa hizo hizo zimetula punda. Hili lazima lisemwe hapa Kajiado kuliko mahali pengine. Kuna dawa yao iitwayo ejiao, hupikwa kwa kuchemsha ngozi ya punda mpaka iwe gundi, huuzwa kwa wenye pesa kuwa ni ya kuongeza damu. Punda wa kwao walipopungua wakaja kwetu. Mwaka 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa Kenya, na mengine yakafuata mpaka yakawa manne, na kufikia mwisho wa 2018 punda zaidi ya 300,000 walikuwa wamechinjwa. Machinjio yaliyokosa punda wa kununua yakapata punda wa kuibwa. Mama wa Kimaasai aliamka akakuta kamba imekatwa, na tangu siku hiyo maji akayabeba kwa mgongo wake. Serikali ikapiga marufuku mwaka 2020 baada ya kelele nyingi, mahakama ikaitengua marufuku hiyo 2021, na mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuzuia biashara ya ngozi za punda katika bara zima.

Twayataja haya kwa sababu moja. Waliowanunua punda walikuwa na mawakala wa Kikenya, watoto wa hapa hapa, wenye kujua boma la nani lina punda wangapi. Na leo wanaonunua watoto wana mawakala wa Kikenya, wenye kujua nyumba ya nani ina hati ya shamba. Tangu ranchi ya kikundi ya Kimana ilipogawanywa, kila mzee ana kipande chake na karatasi yake, na karatasi hiyo ndiyo inayowindwa. Mwenye nyanya na vitunguu kando ya mfereji auza robo ekari ili mtoto aende Uchina, na aliyenunua ajenga nyumba za kupangisha. Miaka mitano baadaye mtoto arudi na shahada, wala hakuna mfereji wa kurudia.

Arudi na shahada ya nini? Hapa tena mawakala hunyamaza. Anayetaka kuwa daktari Kenya sharti aandikishwe na Baraza la Madaktari, lile liitwalo KMPDC. Baraza hilo huuliza alama za KCSE, hata kwa aliyesomea ng'ambo, kisha hutaka mtihani na mwaka wa mazoezi hospitalini. Mtoto mwenye D aliyeambiwa kwamba Uchina hawajali alama, ni kweli huenda chuo fulani hakikujali, lakini Baraza litajali. Na mwenye shahada ya dawa za Kichina aliandikie Baraza kabla hajaondoka, aulize kwa barua ataandikishwa kama nani, akae na jibu mkononi. Barua hiyo ni bei ya stempu moja. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilitaja dawa za jadi na kusema Bunge litatunga sheria ya kuunda chombo cha kuwasimamia waganga wake. Basi mzazi aulize, kabla ya kumtoa ng'ombe bomani, chombo hicho kina ofisi wapi, mlango gani, na kimekwisha kumwandikisha nani aliyetoka Uchina.

Na msidhani hata wale wa MBBS wanaingia hospitali kwa tarumbeta. Mwaka 2024 madaktari waligoma siku 56, tangu Machi hadi Mei. Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya hawa wa mazoezi: mapatano ya 2017 yalisema walipwe zaidi ya shilingi 206,000 kwa mwezi, Serikali ikasema 70,000 yatosha, na wengi wao walikuwa nyumbani wakingoja kupangiwa hospitali. Chama chao kilipigania jambo hilo mpaka Desemba. Tuliwaunga mkono, maana mapatano ni mapatano, yawe ya daktari au ya mtu wa kufunga boliti. Lakini mzazi anayeota kwamba mtoto akirudi tu atamlipia deni la SACCO, na aifikirie habari hiyo usiku mmoja mzima.

Tena kuna mambo yasiyo ya kosa la mtu. Mwaka 2020 gonjwa la korona lilipokuja, Uchina ilifunga mipaka, na wanafunzi waliokuwa wamerudi nyumbani likizo wakazuiwa nje mpaka 2022. Walisomea udaktari kwa simu, ndani ya nyumba za wazazi wao. Mtu aweza kujifunza historia kwa simu. Kuchoma sindano je?

Sasa tugeuke kwa wakubwa wetu, kwa maana wakala ni inzi tu, na inzi hafiki mahali pasipo kidonda. Tumewaona waheshimiwa wakija kwenye harambee za kumchangia mtoto aendaye Uchina, wakitoa bahasha mbele ya watu na kupigwa picha, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kuona fomu ya JW. Bahasha ile ilimwongezea wakala imani kwa jirani wa pili na wa tatu. Huko Uasin Gishu jambo lilizidi hapo: mpango wa kupeleka vijana Finland na Kanada ulipita katika ofisi ya kaunti yenyewe, wazazi wakalipa, na mwaka 2023 wakajikuta wakiandamana barabarani Eldoret wakidai pesa zao, na baadaye shauri likafika mahakamani. Wazazi wale hawakuwa wajinga. Waliamini mhuri wa serikali. Ikiwa mhuri wa kaunti uliweza kuwafikisha hapo, sembuse mkoba wa mtu asiye na mhuri?

Vyama vya wafanyakazi katika nchi hii vina historia na habari hii ya wanafunzi. Tom Mboya alikuwa katibu mkuu wa Kenya Federation of Labour, na yeye mwenyewe alikwenda Ruskin College kule Oxford mwaka 1955 akiwa mtu wa chama. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi 81 iliondoka Nairobi kwenda Marekani. Nauli ilichangwa hadharani, na waliosimama kuomba michango walijulikana duniani kwa majina, kina Jackie Robinson na Harry Belafonte na Sidney Poitier. Familia zilichanga pia, ni kweli, kuku na mbuzi viliuzwa, lakini zilichanga zikijua chuo gani na somo gani. Upande wa pili Oginga Odinga naye alitafuta nafasi Mashariki. Na yako ya kuonya pia katika siku hizo: kijana wa Ghana, Emmanuel Hevi, alikwenda Beijing 1960 kusomea udaktari, akawekwa kwenye lugha, hakuridhika na maisha ya huko, na mwaka 1962 akaondoka pamoja na Waafrika wengi, kisha akaandika kitabu. Hayo ya lugha yalijulikana tangu zaidi ya miaka 60 iliyopita. Leo bado mtu anauziwa Kiingereza ambacho hakipo.

Kuna jambo jingine linalotuuma, nalo halihusu pesa. Wachina mwaka 1956 waliwachukua wazee wao wa mizizi wakawakalisha darasani, wakawapa ubao na wanafunzi, wakajenga hospitali za kufanyia kazi, na baadaye wakatunga sheria yao ya dawa za jadi iliyoanza kazi 1 Julai 2017. Sisi wazee wetu tumewaacha sokoni. Nenda Kimana siku ya soko, utamkuta bibi ameketi chini na rundo la magome: osokonoi kwa kikohozi, olkiloriti ya kutia kwenye supu ya nyama. Elimu yake itakufa naye. Nani amemwandikia hata daftari moja? Kijana wake, mjukuu wa damu, ndiye anayeuziwa nafasi ya kwenda kujifunza majani ya Sichuan.

Ng'ambo ya mpaka, ambao ukisimama Loitokitok waweza kuutazama kwa macho, wenzetu Watanzania walianza kitengo cha dawa za asili Muhimbili tangu 1974, na mwaka 2002 wakatunga sheria na kuunda baraza la tiba asili na tiba mbadala. Si kwamba wamemaliza kila kitu. Lakini wana mlango wa kubisha. Sisi tuna tawi la chuo cha KMTC papo hapo Loitokitok. Ni nini kingezuia chumba kimoja cha chuo kile kufundisha osokonoi, mizani mkononi, na bibi yule akalipwa mshahara kama mwalimu? Mtoto akitaka baadaye kwenda Uchina kuongeza ujuzi, aende na kitu chake mkononi, akabadilishane na Wachina kama mtu na mwenziwe.

Twawaambia wakubwa wa kaunti ya Kajiado: wekeni karani mmoja, mmoja tu, mwenye kazi ya kukagua barua za vyuo vya nje kwa yeyote anayeomba msaada wa karo, na jina la wakala yeyote anayetoza pesa za ufadhili wa bure libandikwe katika baraza la chifu. Twaiambia SACCO yetu, ambayo ni pesa zetu wenyewe: mkopo wa masomo ya ng'ambo ulipwe moja kwa moja katika akaunti ya chuo, usipite katika mfuko wa mtu, na usitolewe mpaka fomu ya JW imeonekana. Mdhamini naye asitie sahihi gizani. Na twawaambia vijana, mwenye kutaka kweli elimu hii, asikate tamaa kwa maneno yetu. Nairobi, katika Chuo Kikuu, kuna Taasisi ya Confucius tangu 2005, ya kwanza Afrika, na nyingine iko Kenyatta. Anza Kichina huko. Ukikaa nacho miezi sita ukakipenda, safari ni yako. Ukikichukia, umepoteza nauli ya basi la Nairobi, si robo ekari ya baba yako.

Wanachama wenye barua za vyuo mikononi sasa hivi, za dawa za Kichina au za nchi yoyote, msilipe shilingi nyingine mpaka zisomwe. Leteni nakala, msilete karatasi halisi, kwa katibu wa tawi Emali au Athi River, saa za mapumziko ya mchana. Walio zamu ya usiku waweza kuziacha kwa mlinzi wa lango ndani ya bahasha iliyofungwa, nje pakiandikwa jina, idara na namba ya kazi. Waliokwisha kulipa walete na stakabadhi, hata kama ni ujumbe wa simu wa M-Pesa, wala msiufute, kwa kuwa jina la aliyepokea limo ndani yake, na majina hayo tunayakusanya.